Kome wa Ng'ambo

Asubuhi ambayo Mwanamvua alikuwa atoke eda ya mumewe aliyepotelea baharini, wifi yake Siwema alirudi kutoka kuokota chaza akiwa na kubadhi moja la kiume.

"Limeletwa na maji, wifi. Ni lake. Angalau tuna cha kuzika."

Mwanamvua alilipokea. Ukanda wote ulikuwa umefunikwa na kome weusi. Ufuo wao ulikuwa wa matope, na hapo walikaa chaza tu. Kome weusi waliota kwenye miamba ya ng'ambo ya rasi, na mumewe aliaga kwamba anakwenda kutega papa hapa, mbele ya nyumba.

"Maji yanapoa, mwanangu," mama mkwe aliita kutoka uani. "Njoo tukuogeshe."

"Naja, mama."

Alichukua kisu, akawabandua kome mmoja mmoja, akiutafuta uzi wa buluu aliowahi kuushonea ukanda ule. Aliupata, umekatika. Kando yake, chini ya kome wa mwisho, palikuwa na mshono mwingine, usio wake, wa uzi mwekundu, mdogo mdogo, wa mkono usio na haraka.

Uani walikuwa wakiongeza maji ya moto.