Sahani Saba

Fundi wa maji alichomeka kidole kwenye pipa la mchanga. Kikatoka kikavu.

"Mama, chujio hili linakufa. Linataka maji machafu ya kuoshea vyombo na ya kufulia kila siku. Hapa nyumbani mko wangapi?"

Marieta alitazama mrija unaotoka kwenye pipa kumwagilia mchicha wake. Tone moja lilining'inia pale, likagoma kuanguka. Pipa lilikuwa la mradi wa maji, lakini mchanga marehemu mumewe aliubeba begani kutoka mtoni.

"Saba," alisema.

"Saba, na kimya hiki! Watoto wako wana adabu kweli."

"Wametoka."

"Haya mama. Nitapita Ijumaa. Nikilikuta kavu, nitalihamishia nyumba yenye watu."

Pikipiki ilipopotea mteremkoni, Marieta alifanya ishara ya msalaba, akaomba msamaha kwa lile neno moja. Kisha akaingia ndani, akateremsha sahani saba. Sita zilikuwa safi, zina vumbi tu.

Akazitia kwenye beseni, akamimina maji na sabuni, akaanza kuziosha moja moja, akimwita kila mwenye sahani kwa jina lake.