Sauti ya Chini

"Hii sauti ya juu iko ya baba, si ndiyo?" mwanamke aliuliza, machozi yakimlengalenga.

Mzee Latifu aliitazama simu iliyokuwa mkononi mwa mwanamke. Sauti iliyotoka kwenye simu ilikuwa yake mwenyewe, alipokuwa na miaka ishirini.

Yeye na wenzake walikuwa vijana wanne wa Arua, wakiimba bila gitaa wala ngoma, kama Wamarekani waliowasikia kwenye santuri. Kundi lilidumu miezi minane, likarekodi wimbo mmoja tu. Kisha vita vya mwaka sabini na tisa vikawatawanya. Baba wa mwanamke huyu aliuawa njiani kuelekea Kongo, binti yake akiwa bado tumboni. Juzi redio ya mjini iliupata ule wimbo ikaurusha hewani; binti huyo akaurekodi kwenye simu, akasafiri mpaka Koboko kumtafuta Latifu, wa mwisho aliyebaki hai.

"Nimesikiliza mara mia," mwanamke alisema. "Sasa najua sauti yake."

Kunyamaza kungekuwa rahisi.

"Binti yangu, ile iko yangu," Latifu alisema. "Baba yako aliimba chini kabisa. Simu ndogo hii haiwezi kuitoa."

Uso wa mwanamke ulisawajika. Latifu aliiunganisha simu na spika yake kubwa ya mbao, akaurudisha wimbo mwanzo. Kisha akamshika mkono, akakibandika kiganja chake juu ya mbao.

"Ngoja. Iko hapa."

Sauti nzito ikaanza: dum, dum, dum. Mbao ikatetemeka chini ya vidole vyake, na mtetemo ukapanda hadi kiwikoni.

Wimbo ulikwisha. Mwanamke hakuuondoa mkono.

"Rudisha," alisema.