Shanga za Kiunoni

"Serikali imepunguza fungu la lishe," nesi Mwajabu aliwaambia kina mama kliniki. "Kuanzia leo unga ni wa watoto wasiofika mstari mwekundu kwenye mizani."

Zamu ya Sikudhani ilipofika, alimvua mwanawe nguo zote, kisha akamfungua hata shanga za kiunoni alizovishwa na bibi yake. Mtoto akaning'inizwa. Mshale ukasimama juu kidogo ya mstari.

"Hongera, mama," akasema afisa wa wilaya aliyekuwa mlangoni. "Mtoto amepona."

Sikudhani alizibana shanga kiganjani mpaka zikamuumiza.

Nesi alimtazama, akapitisha mkono chini ya mtoto kama anayemkinga asidondoke.

"Subiri kwanza, mheshimiwa. Alikuwa anarusha miguu."

Mshale ukaanza kurudi.