Dawa Haina Udugu

Mdogo wa mshonaji alikuwa ameshapandisha blauzi na kufinya nyama ya tumbo kwa vidole viwili. "Nichome, dada. Harusi imebisha hodi, na zipu ya gauni imegoma."

Mshonaji alishika kalamu ya sindano ya dawa ya kisukari, ile anayojichoma kila wiki na iliyompunguza unene, ikiwa bado na ubaridi wa friji. Tangu mumewe afariki, mlango huu haukufunguliwa na mtu ila wateja. Leo ndugu yake wa tumbo moja alikuwa amekaa kitandani, kikombe cha chai kando yake, akiicheka cherehani kuukuu, akimwita Kibonge kama utotoni.

"Hii haiazimwi, hata tukibadilisha sindano," alisema. "Damu ya mmoja huingia ndani ya kalamu, ikamfikia mwenzake. Na kipimo hiki nilipewa mimi, kwa maradhi yangu. Twende kwa daktari akupime, nitakusindikiza."

"Yaani unaninyima?"

Ilikuwa kazi ya kubonyeza tu. Na wiki ijayo mdogo wake angerudi, na ile ya baadaye pia.

"Nakunyima," alisema, akairudishia kalamu kifuniko chake.

Mdogo wake alishusha blauzi, akainama kutafuta viatu.

"Basi umalizie chai," dada mtu alisema, lakini mlango ulikuwa umeshafunguliwa.