Kitengo Namba Tisa

"Ondoa namba tisa," mkuu wa utafiti alisema bila kuinua macho, akaisukuma ripoti mbali naye kama sahani iliyoangukiwa na nzi.

Kijana hakuichukua. Alikuwa mchumi mpya, bado yuko kwenye kipindi cha majaribio, na ofisini walimwita Profesa kwa kumkejeli. Hii ndiyo kazi yake ya kwanza ya maana: kupima vitengo vyote vya wizara na kupendekeza kimoja cha kufutwa, naye alikuwa amependekeza namba tisa. Ili asimpendelee mtu, alipewa takwimu zenye namba badala ya majina. Majina waliyajua wawili tu, Katibu Mkuu na huyu mkuu wake, nao walikuwa wamekula kiapo kutoyataja mpaka uamuzi upite.

"Kwa nini niondoe, mkuu?"

"Kwa sababu nimesema."

"Hiyo si sababu ya kiuchumi."

"Mwanangu, kichwa chako kimeshakuwa kizito kuliko shingo. Weka namba nne, weka kumi, weka yoyote unayotaka. Tisa achana nayo."

Profesa alitoka amefura. Alimchukia mzee yule, tena bila aibu. Tangu aajiriwe alikuwa akirudishiwa kazi kwa sababu ya nukta, akiulizwa maswali ya darasa la pili mbele za watu. Leo mzee amejianika mwenyewe! Nani asiyejua kwamba shemeji yake yuko kitengo cha uchapaji? Namba tisa ni uchapaji, haihitaji kupiga ramli.

Angeweza kunyamaza. Lakini baba wa mchumba wake alikwisha kusema hamwozi binti yake kibarua, na kuthibitishwa kazini kulitegemea ripoti hii. Akiilainisha, atakuwa karani mwingine tu. Akisimama nayo na kushinda, Katibu Mkuu mwenyewe atamwona. Akachagua vita.

Kwenye kikao cha wakurugenzi, mkuu alikuwa wa kwanza kumrukia. Takwimu zimepikwa, alisema, mbinu ni za kitoto, na mwandishi hajui hata choo cha wizara kiko wapi. Alisema kwa ukali, lakini alirudia hoja ileile mara mbili. Profesa alifurahi kumwona mzee anatapatapa.

Kisha zamu yake ikafika, naye hakuwa na huruma.

"Waheshimiwa, kitengo hiki kinakula karatasi na wino kuliko vyote, na yanayotoka huko hakuna anayeyasoma. Kazi ya mtu mmoja wanagawana watano. Na kama vile hiyo haitoshi, mwaka huu wameongeza mwingine. Huyo naye analipwa afanye nini, apepee wenzake?"

Meza nzima ikacheka. Mkuu peke yake hakucheka. Aliinama upande wa kijana, akamshika mkono wa shati.

"Kaa chini, mwanangu," alinong'ona. "Nakuomba."

Alikuwa hajawahi kumsikia mzee yule akimwomba mtu kitu. Profesa akajinasua taratibu, ili kila mtu aone, akaendelea hadi mwisho.

Mikono ikainuliwa. Pendekezo lilipita, na aliyelipinga alikuwa mkuu wa utafiti tu. Katibu Mkuu alizunguka meza kuja kumpa kijana mkono. Akasema ni nadra kukutana na ujasiri wa namna ile kwa mtu wa umri wake, na Profesa akaanza kuwaza atakavyompigia simu mchumba wake.

Halafu Katibu Mkuu akamgeukia mkuu.

"Haya mzee, kiapo kimekwisha. Kitengo chenu cha utafiti mtakikabidhi lini?"

Mkuu alikuwa akikunja miwani yake.

"Muulize Profesa," alisema. "Mwenye haraka ni yeye."