Shimo la Nungunungu

Paliondokea Nungunungu, mseja, bahili wa tumbo lake mwenyewe. Shimo aliuziwa na Ngiri kwa mkopo, akawa analipa kwa mihogo. Kila mhogo aliovuna ulikwenda kwa Ngiri. Yeye alijikorogea uji wa pumba, akanywa peke yake.

Ndezi, jirani yake, akamwonya: “Tafuna japo mzizi, jirani. Meno yetu sisi yasipotafuna hurefuka.”

“Nitatafuna nikishakuwa kwangu,” akajibu Nungunungu. “Mvumilivu hula mbivu.”

Miaka ikaenda. Mwishowe Ngiri akamwambia, “Haya bwana, sikudai tena. Shimo ni lako.”

Nungunungu akarudi mbio, akachoma mhogo mnono, akamwita Ndezi aje wale pamoja. Akaupeleka mdomoni. Haukuingia. Meno ya juu yalikuwa yameshuka yakaziba njia, ya chini yamepinda hadi puani. Akausukuma mhogo mpaka damu ikamtoka, wapi!

Ndezi akauweka kando ule mhogo, machozi yakimlengalenga.

“Nikukorogee uji, jirani?”

Nungunungu akazitazama kuta, zote zake sasa, akaitikia kwa kichwa.