Chuma cha Tobar an Iarainn

"Sisi hatuna chuma cha kuuza," alisema Murchadh, akijikaza asicheke. "Mmepotea njia."

"Hatununui, mzee. Tunaomba," akajibu Ruairidh, kijana aliyevuka mlima tangu asubuhi pamoja na babu yake, Tormod. "Nyumba yetu imepoa. Tumesikia kwenu kuna chuma kinachotunza joto."

Waalikwa wote walijua anaomba mke. Kule Skye, kisiwa cha Uskoti, posa haitajwi kwa jina lake. Msemaji huzungusha maneno, na mwenye nyumba humletea kwanza wanawake wasioombwa, awakatae mmoja mmoja kwa adabu, watu wavunjike mbavu. Neno chuma Ruairidh alilichagua vizuri. Maji ya kisima cha hapo ni mekundu kwa chuma, watu huyafuata kutoka mbali wakidai yanaongeza damu, na ndiyo maana mahali panaitwa Tobar an Iarainn, Kisima cha Chuma. Kila anayeishi hapo hubandikwa jina hilo: Murchadh wa Chuma, Peigi wa Chuma. Hata ukihamia Glasgow halikutoki.

Peigi, binti pekee wa Murchadh, alikuwa amejifungia chumba cha ndani, na vicheko vyake vilisikika. Wiski ilishamiminwa. Mzee Tormod peke yake hakuigusa. Alikaa karibu na mlango, buti zimeng'arishwa, akiifinyafinya kofia yake. Wakikataliwa, wangerudi na aibu yao njia yote ile, na kufikia Jumapili kanisa zima lingekuwa na habari.

Murchadh akamleta dada yake, Oighrig. "Hiki je?"

"Kizuri, ila kina mwenyewe."

Mume wa Oighrig akapiga meza kwa kicheko.

Akaletwa mtoto wa jirani, wa miaka minne.

"Hicho bado kiko mgodini," akasema Ruairidh.

Kisha Murchadh akamshika mkono mama yake mzazi, Ceit, mjane wa miaka sabini. Ili mzaha unoge, Peigi alikuwa amemchana bibi yake nywele tangu asubuhi na kumpachika bizimu ya fedha kifuani.

"Basi hiki. Kina kutu kidogo, lakini hakijavunjika."

"Kutu gani, wewe!" Ceit akamfokea mwanawe, na watu wakawa hoi.

Ruairidh hakucheka. "Kutu si neno. Ndicho hiki."

Vicheko vikakatika. Murchadh akasubiri kijana amalizie utani wake, lakini hakumalizia.

"We kijana, Peigi yuko ndani, nimwite?"

"Mwache tu. Yeye ndiye aliyetuandikia barua tuje."

Ruairidh akasogea pembeni. Nyuma yake Mzee Tormod alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Miaka minane unavuka mlima kuja kunywa maji yangu, eti damu imepungua," Ceit akamwambia. "Leo ndiyo umeuona mlango?"